Kilo nne za mwisho: mahali hesabu ya kalori inapokwama

Watu wengi wanaopunguza mwili kwa kuhesabu kalori hukutana na jambo moja linaloudhi. Kilo za mwanzo hutoka kwa mwendo unaokaribia ule ulioahidiwa na programu ya simu, kisha zikibaki tatu, nne au tano kufikia lengo, mizani husimama, ingawa daftari la chakula linaonyesha kwamba mhusika anakula kiasi kilekile kilichompunguza hapo awali. Maelezo mawili hutolewa upesi. Ya kwanza ni kwamba mwili umeingia katika hali ya njaa na kugoma kupungua. Ya pili, ambayo husemwa zaidi na watu wasiowahi kujaribu, ni kwamba mhusika anadanganya. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili hupotosha. Ninavyoona, kiini cha tatizo kiko kwingine: karibu na mwisho, pengo kati ya chakula kinacholiwa na nishati inayotumika huwa dogo kuliko kosa la kawaida la vipimo tunavyotumia kulipima.

Ili kulielewa hilo, ni vizuri kujua namba zenyewe zilikotoka. Kalori inayoandikwa kwenye pakiti za chakula kwa hakika ni kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Makadirio yanayotumika hadi leo, kalori 4 kwa kila gramu ya wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta, yalitokana na kazi ya Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Connecticut mwishoni mwa karne ya 19. Akishirikiana na mwanafizikia Edward Rosa, Atwater alijenga chumba ambamo mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa huku joto la mwili wake, pumzi yake, chakula alichokula na choo alichotoa vikipimwa. Kazi hiyo ilikuwa ya uangalifu mkubwa, lakini matokeo yake ni wastani wa vyakula vingi, na chakula kimoja kimoja hakilazimiki kuufuata. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha kwamba gramu 28 za lozi humpa mlaji takriban kalori 129, wala si 170 kama hesabu ya kawaida inavyosema, kwa kuwa sehemu ya mafuta yake hubaki imefungiwa ndani ya seli ambazo meno na tumbo havikuzivunja. Lebo za pakiti nazo zina ruhusa ya kukosea: sheria za Marekani huvumilia tofauti ya hadi asilimia 20.

Kanuni ya pili inayotegemewa ni ile ya Max Wishnofsky, daktari wa New York, ambaye mwaka 1958 alikadiria kwamba ratili moja ya uzito wa mwili ni sawa na kalori 3,500, yaani takriban 7,700 kwa kilo. Kanuni hiyo si ya uongo ikichukuliwa kama makadirio ya nishati iliyomo ndani ya mafuta ya mwili. Tatizo huanza inapogeuzwa kuwa utabiri wa siku zijazo.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 40, mwenye urefu wa sentimita 165, anayefanya kazi ya ofisini Dar es Salaam na aliyeanza akiwa na kilo 78. Kwa fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo hutumiwa na programu nyingi, mwili wake ukiwa umetulia unahitaji takriban kalori 1,450 kwa siku. Zikizidishwa kwa 1.4 kwa ajili ya shughuli nyepesi za mchana, jumla huwa takriban 2,030. Akila 1,530 anakuwa na upungufu wa 500 kila siku, na kwa kanuni ya Wishnofsky atapoteza kilo moja kila baada ya siku 15 hivi bila kikomo. Hesabu hiyo ikiachwa iendelee, katika muda usiofika miaka minne mama huyu angetoweka kabisa duniani, jambo linalotosha kuonyesha kwamba kuna kitu kimesahauliwa.

Kilichosahauliwa ni kwamba mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Akifika kilo 68, fomula ileile itampa mahitaji ya 1,890, pungufu ya 140 kuliko alipoanza. Hata hivyo vipimo vya maabara huonyesha kwamba mwili wa mtu aliyepungua hubana matumizi kuliko fomula inavyotarajia. Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller waliripoti mwaka 1995 kwamba watu waliopoteza asilimia 10 ya uzito wao walitumia nishati pungufu kuliko ile ambayo ukubwa wao mpya ulistahili. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake, kutoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walichapisha katika jarida la The Lancet kielelezo cha hesabu kinachozingatia mabadiliko hayo, na kanuni waliyoitoa ni rahisi kukumbuka: kila upungufu wa kudumu wa takriban kalori 24 kwa siku hatimaye hushusha uzito kwa kilo moja, nusu ya badiliko hilo ikionekana ndani ya mwaka mmoja na sehemu kubwa iliyobaki ikikamilika kufikia mwaka wa tatu.

Tuirudishe kanuni hiyo kwa mama wetu. Upungufu wake wa 500, akiushika bila kuyumba, ungemshusha kilo 20 hivi mwishoni mwa safari, lakini kilo 10 za kwanza zingemchukua mwaka mzima. Akisimama kwenye kilo 68, matumizi yake ya siku, kwa kanuni hii ya 24 kwa kila kilo, yamekwisha kupungua kwa takriban 240, kwa hiyo ule upungufu wa 500 sasa umebaki 260, ingawa sahani yake haijabadilika hata tonge. Kilo nne anazozitaka, ambazo kwa kanuni ya zamani zingetoka kwa miezi miwili, kwa kanuni ya Hall zitachukua zaidi ya miezi minane. Hapo hatujamhesabia kosa lolote, wala sikukuu, wala uvivu. Nadhani watu wengi wanaoamini kwamba wamekwama hawajakwama hata kidogo; wanakwenda kwa mwendo ambao hakuna aliyewaambia kwamba ndio halali wakati huo.

Hili ndilo linaloipa ile dhana ya hali ya njaa sura ya ukweli. Ni kweli mwili hubana matumizi, lakini haugomi. Jaribio linalojulikana zaidi ni lile lililoongozwa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, ambapo vijana 36 waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri walikubali kulishwa chakula kidogo kwa wiki 24, wakati huohuo wakitakiwa kutembea na kufanya kazi. Matumizi ya miili yao ikiwa imetulia yalishuka kwa karibu asilimia 40, vifundo vya miguu vilivimba maji, mawazo yao yote yakawa ni chakula. Hata hivyo walipoteza takriban robo ya uzito wao. Ikiwa miili hiyo, iliyofikishwa mahali ambapo hakuna mtu anayepunguza mwili kwa hiari anapaswa kufika, haikuacha kupungua, basi si rahisi kuamini kwamba mwili wa mtu mwenye kilo 68 umefunga milango yake kwa kalori 1,530.

Upande ambao husahauliwa zaidi ni hamu ya kula. Kadiri mafuta ya mwili yanavyopungua ndivyo kiwango cha leptini, homoni inayotolewa na mafuta hayo na kuujulisha ubongo hali ya akiba, kinavyoshuka, na ubongo hujibu kwa kuongeza njaa. Ukubwa wa jibu hilo ulikadiriwa mwaka 2016 na David Polidori, Hall na wenzao kwa njia ya kuvutia. Walitumia takwimu za wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakimeza canagliflozin, dawa inayofanya sukari itoke na mkojo, hivi kwamba mgonjwa hupoteza nishati kila siku bila yeye kuhisi na bila kujinyima chochote. Kwa kila kilo iliyotoka, matumizi ya mwili yalipungua kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula iliongezeka kwa takriban kalori 100 kwa siku. Kwa maneno mengine, nguvu inayomrudisha mtu kwenye chungu ni mara tatu au nne ya ile inayobana matumizi. Mtu aliyepungua kilo 10 anapigana na njaa ambayo hakuwa nayo alipoanza, na ajabu si kwamba wakati mwingine hushindwa. Ajabu ni kwamba hushinda siku nyingi hivyo.

Njaa hiyo haiji kama uamuzi. Huja kama kipande cha andazi kilichochukuliwa mezani, kijiko cha kuonja mchuzi mara tatu badala ya mara moja, masalia ya ugali kwenye sahani ya mtoto. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake, huko New York, walichunguza watu waliosema kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Matumizi yao halisi yalipimwa kwa kuwanywesha maji yenye atomi zilizowekewa alama, ambazo baadaye hufuatiliwa katika mkojo. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kilichotofautiana ni taarifa, kwani walikuwa wakiripoti chakula pungufu kwa asilimia 47 na kuzidisha kiasi cha mazoezi kwa asilimia 51. Matokeo hayo yametumiwa mara nyingi kuwakejeli watu wanene, na kwa maoni yangu huko ni kuyasoma vibaya. Watu wale walikuwa wakikumbuka na kukadiria kama binadamu yeyote anavyokumbuka na kukadiria, wembamba kwa wanene.

Katika majiko ya Afrika Mashariki makadirio hayo ni magumu zaidi, kwa sababu chakula chetu kingi hakitoki kwenye pakiti, nacho hupikwa kwenye sufuria moja kwa ajili ya watu wengi. Mafuta ndiyo ya kwanza kutajwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu hajui kama amemimina vijiko vitatu au vinane. Mchicha, ambao daftarini huandikwa kama mboga isiyo na uzito wowote, huweza kuwa umebeba nishati zaidi ya ugali ulioliwa nao. Chapati nayo ni mfano mzuri wa namna programu ya simu inavyopotea: mtu akiandika chapati moja, huenda akapewa namba ya mkate mwembamba wa Kihindi uliotumia gramu 30 za unga bila mafuta, ambao ni kalori 110 hivi, wakati chapati yetu ya kusukuma, yenye gramu 60 za unga na gramu 10 za mafuta yaliyopakwa katikati ya matabaka na juu ya kikaango, inakaribia 310. Wali una mtego wake: gramu 100 za mchele mkavu zina takriban kalori 360, lakini zikiwa zimepikwa kuwa wali mweupe, gramu 100 zina takriban 130, na anayepima kimoja na kuandika kingine hukosea karibu mara tatu. Ukiongeza tui, hesabu hutegemea nazi ngapi zilikunwa na ni kikombe cha tui la kwanza au la pili kilichoingia sufuriani. Ugali wa Nairobi unaokatwa kwa kisu na ule laini wa nyumba nyingine haviwezi kuwa na namba moja kwa gramu, maana kinacholeta nishati ni unga, na maji ni uzito mtupu.

Vinywaji huongeza yake kimyakimya. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4, yaani kalori 16, lakini kijiko kilichojaa kilima huweza kufika maradufu, na mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa, kila kimoja na vijiko vitatu, huwa ameingiza kati ya kalori 144 na 288 za sukari peke yake kabla hajagusa chakula. Kwa wanaotaka namba zilizo karibu na vyakula vyetu, yapo majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na yale ya Kenya ya mwaka 2018, ambayo yanastahili kuaminiwa kuliko orodha za programu zilizojazwa na watumiaji wa nchi nyingine.

Sasa ziunganishwe pande hizo mbili. Kijiko kimoja cha mafuta kisichoandikwa na vijiko kadhaa vya sukari vilivyojaa kuliko ilivyodhaniwa vinafika kalori 200 kwa siku bila taabu. Makosa hayo yalikuwepo tangu siku ya kwanza, lakini wakati upungufu ulikuwa 500 bado zilibaki 300 za kuyeyusha mafuta. Upungufu uliposhuka hadi 260, zilizobaki ni 60. Sherehe moja ya kumuaga bibi harusi siku ya Jumamosi, yenye pilau, kuku wa kukaanga na soda mbili, inatosha kufuta akiba ya wiki nzima na kuacha deni. Kuitegemea hesabu ya daftari katika hatua hiyo ni sawa na kupima pete ya dhahabu kwa mizani ya magunia ya mahindi.

Mizani ya bafuni nayo haisaidii. Upungufu halisi wa 260 kwa siku huyeyusha mafuta yasiyofika gramu 250 kwa wiki, ilhali maji ya mwili peke yake huweza kuupandisha au kuushusha uzito kwa kilo moja au mbili kati ya siku na siku. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu yake huambatana na takriban gramu tatu za maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kujinyima huleta furaha isiyostahili, na mlo mmoja wa wali na viazi huleta hofu isiyostahili. Chumvi nyingi, hedhi, choo kigumu na misuli iliyochoshwa na mazoezi mapya, vyote hushikilia maji au uzito kwa siku kadhaa. Kwa mwendo wa robo kilo kwa wiki, inachukua zaidi ya mwezi kabla badiliko la kilo moja halijajitokeza wazi katikati ya mawimbi hayo, na mtu anayejipima kila asubuhi na kukata tamaa kila Ijumaa anasoma maji tu.

Kwa hiyo aliyekwama aanze kwa kuuliza kama kweli amekwama. Jibu hupatikana kwa kuchukua wastani wa uzito wa wiki moja na kuulinganisha na wastani wa wiki ya nne au ya tano baadaye, na kwa kupima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Ikiwa wastani haukushuka, basi chakula kinacholiwa kinalingana na nishati inayotumika, daftari liseme litakavyo, na hapo kipimo ndicho cha kurekebisha kabla ya kupunguza chakula. Njia iliyo rahisi kuliko zote, na ambayo sijui kwa nini haifundishwi zaidi, ni kupima chupa ya mafuta kwenye mizani ya jikoni Jumatatu na kuipima tena Jumapili, kisha kugawanya gramu zilizotoweka kwa idadi ya walaji. Unga na mchele hupimwa vikiwa vikavu, sufuria ikapimwa baada ya kupikwa, na sehemu ya mlaji ikakokotolewa kwa uwiano. Kazi hiyo ikifanywa kwa wiki mbili huonyesha mahali kosa linapoishi, na baada ya hapo haina haja ya kuendelea maisha yote.

Kama nafasi ya kupunguza bado ipo, ni bora itafutwe mahali ambapo njaa haitalia sana. Protini hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake yenyewe katika kumeng'enywa, nayo hushibisha, kwa hiyo maharage, kunde, dagaa, mayai na samaki wana faida mara mbili. Vyakula vilivyosindikwa sana vina kasoro ya kinyume: katika jaribio la Hall la mwaka 2019, watu 20 waliowekwa katika wodi ya utafiti na kuachwa wale wapendavyo walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku walipopewa vyakula hivyo kuliko walipopewa vyakula vya asili, ingawa milo yote miwili ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta na chumvi. Kutembea zaidi husaidia pia, mradi kalori zinazoonyeshwa na saa ya mkononi zisigeuzwe kuwa ruhusa ya kula. Kisichofaa ni kujibu ukwamo kwa kushuka chini ya kalori 1,200 bila usimamizi wa daktari au mtaalamu wa lishe, kwani misuli hupotea, virutubisho hupungua, na ile njaa iliyokwisha kuongezeka hupewa sababu nyingine. Mtu ambaye vipimo vyake viko sawa na bado uzito hausogei, au unapanda, anapaswa kwenda hospitali, kwa kuwa tezi ya shingoni inayofanya kazi kidogo, dawa za jamii ya steroidi, insulini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaweza kuwa na mkono katika jambo hilo.

Linabaki swali la kama kilo hizo nne zina maana yoyote ya kiafya. Mama wa mfano wetu, akiwa na kilo 68, uwiano wake wa uzito na urefu (BMI) unakaribia 25, ambao ni ukomo wa juu wa kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, na tangu alipoanza amepoteza karibu asilimia 13 ya uzito wake. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, wenye washiriki 3,234, kundi lililolengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58, matokeo yaliyoipita dawa ya metfomini, iliyoupunguza kwa asilimia 31. Faida kubwa, kwa hiyo, amekwisha kuipata. Namba 64 mara nyingi ni uzito wa siku ya harusi au wa kabla ya mtoto wa kwanza, na mtu ana haki ya kuutaka, ila ajue bei yake: kuubakisha kutamtaka ale takriban kalori 100 pungufu kila siku kuliko akibaki na 68, si kwa miezi minane ya kupungua pekee bali kwa muda wote anaotaka kukaa hapo, huku hamu ikimvuta upande wa pili. Asiyekuwa na uhakika anaweza kwanza kula kiasi kinachomshikilia kwenye 68, ambacho kwa hesabu zetu ni takriban 1,790, akakaa hivyo miezi mitatu au minne mpaka nguo, mazoezi na mapishi ya nyumbani yazoeane na mwili mpya, kisha ndipo aamue kama anazitaka hizo nne.